Visu Ndani ya Beseni

Mama alipoanza kukusanya visu, Kitunguu alijua chakula cha mchana huo kitalika kwa shida, kama kitalika kabisa.

Mama aliingia jikoni taratibu, akachukua kisu kikubwa cha nyama juu ya ubao, akachukua na kile kidogo cha kumenyea viazi, kisha akafungua droo akatoa vyote vilivyobaki, hata kile butu cha kupakia siagi. Akavilaza ndani ya beseni la bluu, akavifunika kwa taulo la kukaushia vyombo, akatoka navyo kuelekea chumbani kwake kama mtu anayekwenda kumlaza mtoto. Sebuleni, sauti ya Kaka ilikuwa imeanza kupanda.

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya nyumba ile tangu enzi za Baba. Baba alikuwa muuza nyama, mtu wa kifua na mikono, na hasira yake ilikuwa kama maziwa jikoni: ukigeuka tu, yameshamwagika. Kila sauti yake ilipofika kimo fulani, Mama aliinuka kukusanya visu, na hakuna aliyeruhusiwa kushika kisu tena mpaka Mama mwenyewe avirudishe. Watoto walijua kwamba droo ikiwa tupu, kuna mtu atapigwa. Sasa Baba alikuwa ameshazikwa, na Kaka alikuwa amerithi bucha, kiti cha mezani kinachotazama mlango, na ile sauti.

"Visu vinakwenda wapi?" aliuliza Fundi.

Alikuwa amesimama mbele ya jiko la gesi, mikono ya shati imekunjwa, aproni ya maua ya Kitunguu imemkaa kifuani kama bibu ya mtoto. Mwanaume mwingine anayekuja kujitambulisha kwa kina binti angevaa koti akakaa kwenye kochi. Fundi alikaa kwenye kochi kidogo tu, jasho likamtoka, akaomba kazi. "Nipe sufuria," alimnong'oneza Kitunguu. "Nikishika sufuria nitaweza kuongea."

"Vinaoshwa," alijibu Kitunguu.

Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa mwanaume huyo. Aibu ndiyo iliyoutoa. Utamwambiaje mtu unayempenda, siku aliyokuja kwenu kwa heshima, kwamba mama yako anaficha visu ili wa nyumbani wasichinjane?

"Vyote kwa mpigo?" Fundi alicheka. "Na kabichi niikate kwa meno?"

"Kabichi si lazima ikatwe. Tazama." Kitunguu alibandua majani, akayakunja, akayachana kwa vidole. "Ukichana kwa mkono unausikia ule mshipa mgumu wa katikati, unautupa. Nyanya unaitoboa kwa kidole gumba, unaisugua kwenye kikwaruzo cha karoti mpaka ganda linabaki kiganjani. Kitunguu saumu unakigonga na kitako cha kikombe, kinavua koti chenyewe."

"Nani amekufundisha mambo haya?"

Alijifunza akiwa mdogo, siku ambazo Mama alikuwa chumbani amekaa na beseni lake, na watu wakawa bado wanahitaji kula. Nusu ya upishi wake ilizaliwa na ugomvi wa wazazi wake.

"Nilijifundisha tu," alisema, akainamia bakuli.

Fundi alimtazama kwa namna yake ile, upande wa jicho, akitabasamu kwa kona moja ya mdomo, mpaka Kitunguu akasugua kidole badala ya nyanya.

"Pole, Kitunguu."

Jina hilo Fundi ndiye aliyempa. Siku ya kwanza alipokuja kubadilisha mpira wa gesi, binti huyu alikuwa anakata vitunguu, na Fundi akafanya kazi yake yote machozi yakimtiririka. "Dada, nimetengeneza majiko mengi," alisema, "lakini hakuna lililowahi kuniliza." Binti akamwelekeza aviloweke kwenye maji baridi kabla ya kukata. Wiki iliyofuata Fundi alirudi, jiko likiwa zima kabisa, eti amekuja kutoa taarifa kwamba amejaribu na hakulia. Tangu hapo jina likaganda. Hata Mama alilitumia.

Nyama ilikuwa ya Kaka. Alikuwa ameileta asubuhi, akautupa mfuko mezani. "Mpe mpishi wako. Tuone." Ilikuwa shingo ya ng'ombe mzee, nyama ambayo hata mbwa wa jirani angefikiria mara mbili, na Kitunguu alijua Kaka ameichagua kwa makusudi, baada ya kuwauzia watu wengine minofu laini. Fundi hakunung'unika. Alikausha kila kipande kwa kitambaa safi, akapasha mafuta mpaka yakatulia na kung'aa, akavipanga vipande mbali mbali, visigusane, kisha akakunja mikono.

"Hukorogi?" Kitunguu aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Ukiigusa mapema inang'ang'ania sufuria. Iache. Ikipata rangi itaachia yenyewe. Halafu maji ya moto, si ya baridi, na moto mdogo kama wa mshumaa. Itasalimu amri."

"Na Kaka je?"

"Kaka naye tutampa moto mdogo."

Kitunguu alicheka, akakata kicheko ghafla, kwa sababu sebuleni Kaka alikuwa amepiga meza.

"Amevaa aproni, Mama! Mwanaume mzima, ndani ya nyumba ya baba yangu, amevaa aproni ya maua!"

"Punguza sauti, mwanangu. Mgeni anasikia."

"Asikie! Si ndiyo kazi yake, kuingia majikoni mwa wake za watu waume zao wakiwa hawapo? Leo kapenya hapa, kesho wapi? Mimi dada yangu simpi mtu anayeshinda kachuchumaa nyuma ya majiko ya watu!"

Fundi alikuwa akimwaga maji ya moto kwenye nyama. Mkono wake haukutetereka, lakini shingo yake ilikuwa imesimama mshipa.

"Nikaongee naye?"

"Hapana. Ale kwanza. Kaka akishiba anakuwa mtu mwingine." Alimgusa kiwiko. "Nivumilie kidogo. Ngoja nilete mchele."

Alikwenda stoo, akapima mchele kwenye bakuli, akaupepeta kwa mkono akitoa mawe, akijipa moyo. Nyama ingelainika. Wangekaa wote mezani. Fundi angesema maneno aliyoyafanyia mazoezi tangu juzi, Kaka angeguna, na kuguna kwa Kaka kungehesabiwa kuwa ndiyo. Ndoto yake ilikuwa ndogo kiasi hicho. Tena ilikuwa na sharti moja tu, alilojiapia tangu utoto: ataolewa na mwanaume ambaye mikono yake haijui kupiga.

Jikoni, Fundi alikuwa amebaki na kitunguu maji kimoja ambacho hakichaniki wala hakigongeki. Akafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa kisu chake kidogo cha kukatia mipira ya gesi, akakiosha kwa sabuni, akaanza kukata.

Kitunguu alirudi na bakuli la mchele akakiona kile chuma kinang'aa.

"Fundi," alinong'ona. "Kirudishe mfukoni."

"Nini?"

"Hicho kisu. Haraka!"

Lakini Kaka alikuwa ameshafika mlangoni. Alikiangalia kisu, akaiangalia droo tupu iliyoachwa wazi, na Kitunguu akaona damu inavyompanda usoni.

"Mama!" Kaka aliita bila kugeuka. "Mama, njoo uone! Wewe umekusanya visu, mgeni ametoa cha kwake!"

"Kaka yangu, nakata kitunguu," Fundi alisema.

"Nani kaka yako?"

"Samahani. Sikujua kama ni vibaya." Fundi alikiweka kisu mezani, akakisukuma mbali kwa kidole. "Hicho hapo. Kichukue."

Ngumi ya kwanza ilimpata sikioni. Ya pili ikampata puani, na maua ya aproni yakaanza kubadilika rangi. Kabati la vyombo likayumba, sahani zikashuka moja baada ya nyingine. Kaka alipiga kama alivyovunja mifupa buchani, kwa kupumua na kwa mpangilio, na kila pigo lilikuwa na neno lake. "Kisu! Kwetu! Mbele ya mama yangu!" Fundi aliweka mikono kichwani akainama, hakurudisha.

"Piga," alisema kwa chini, damu mdomoni. "Piga, lakini sikuja kwa shari."

"Anakata kitunguu!" Kitunguu alikuwa anapiga kelele. "Kaka, ni kitunguu! Hakujua! Mimi ndiye sikumwambia!"

Waligonga jiko. Sufuria ikainama na kuteleza pembeni, nusu ya mchuzi ikamwagikia moto, moto ukazimika kwa sauti ya nyoka. Kitunguu akamrukia Kaka mgongoni, akamvuta shati mpaka vifungo vikaruka. Kaka akageuka akiwa hata hajatazama ni nani, akampiga kwa nyuma ya kiganja. Kichwa cha Kitunguu kikagonga ukingo wa kabati. Mdomo wake ukajaa chumvi.

Akiwa chini, katikati ya vipande vya sahani na mchele uliotawanyika, alimwona Fundi ananyanyuka.

Hakuharakisha. Alimshika Kaka kifundo cha mkono wa kulia, kwa mkono ule unaofungua nati zilizoota kutu, akaukunja, akausogeza mpaka kwenye jiko, na kukibandika kiganja cha Kaka juu ya chuma kilichokuwa kimebeba sufuria muda wote huo.

Kaka alilia. Kitunguu hakuwahi kumsikia kaka yake akilia hivyo, hata siku ya msiba. Alipiga magoti, akasema basi, basi, basi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelegea kabisa. Na Fundi bado alikuwa amemkandamiza. Chini yao gesi ilikuwa inavuma kwa sauti nyembamba, na Fundi, mtu anayeweza kusikia gesi inayovuja hata akiwa usingizini, hakuisikia. Uso wake ulikuwa mtulivu. Utulivu huo Kitunguu aliujua. Alikua akiutazama usoni kwa Baba, kutoka chini ya meza.

"Mwachie! Fundi, mwachie!"

Hakusikia. Kitunguu akaokota kikaango cha chuma, akampiga nacho begani kwa nguvu zake zote. Fundi hakutikisika. Akampiga tena, mgongoni, huku analia, na hapo ndipo mikono ya Fundi ikafunguka yenyewe, akarudi nyuma hatua kadhaa, akaitazama kana kwamba amekabidhiwa mikono ya mtu mwingine.

Mama alipita katikati yao, akafunga mtungi wa gesi, akafungua dirisha.

Kitunguu alimburuta Kaka mpaka kwenye sinki, akafungulia bomba, akakiweka kiganja chini ya maji. Ngozi ilikuwa imechorwa mistari ya jiko. Kaka alitaka kuuchomoa mkono, akamshikilia.

"Nikalete dawa ya meno?" Mama aliuliza.

"Hapana, Mama. Wala mafuta, wala unga. Maji tu, yatiririke. Kaka, tulia. Ukiutoa sasa, joto litaendelea kula kwa ndani."

"Ananiua huyu," Kaka alilalamika kama mtoto. "Umeniletea muuaji nyumbani."

"Nyamaza."

Fundi alikuwa amesimama karibu na mlango, damu ya puani inamdondokea kidevuni. Alijaribu kuifungua aproni, fundo likamshinda.

"Kitunguu."

"Usiniite."

"Alikupiga."

"Nilianza kupigwa kabla sijaota meno, Fundi. Wa kunipiga ninao. Wewe sikukupendea ngumi." Hakugeuka. Maji yalimrukia usoni yakachanganyika na machozi. "Nilikupenda siku ile uliponivunjia mayai hapa jikoni. Niliiona mikono yako inavyolishika yai, nikasema, mikono hii haiwezi kuumiza kitu. Nilisema hivyo, mjinga mimi."

"Nilitaka akuache tu."

"Alikuwa ameshaniacha. Alikuwa amepiga magoti anakuomba. Nilikuona."

Bomba liliendelea kutiririka. Kitunguu akangojea ule uongo ambao wanaume wa nyumba hiyo waliusema siku zote baadaye: kwamba ni shetani, kwamba hakujua alifanyalo, kwamba aliyepigwa ndiye aliyemkasirisha.

"Ni kweli," Fundi alisema. "Mwanzo nilitaka akuache. Halafu nikataka aungue. Nilikuwa najua kabisa ninachofanya. Sikudanganyi."

"Unasikia?" Kaka alifoka. "Unasikia kwa masikio yako?"

"Nimesikia," Kitunguu alisema. "Na wewe umenipasua mdomo, bado sijasikia ukisema lolote."

Kaka akainamisha kichwa kwenye sinki.

Mama alikuwa ametoka. Akarudi na beseni la bluu, na kabla mtu hajasema kitu aliliinamisha juu ya droo. Visu vyote vikaanguka kwa kishindo, kimoja juu ya kingine. Kaka akashtuka. Hakuwahi kuona visu vikirudi wakati watu bado wanavuja damu.

"Miaka yote hiyo nimeficha visu," Mama alisema. "Nimelala navyo chini ya kitanda. Hakuna hata kimoja kilichowahi kumpiga mtu humu ndani." Akaitazama mikono ya mwanawe, akaitazama na ya mgeni. "Nilikuwa naficha vitu visivyo na kosa, nawapakulia chakula wenye makosa. Nimechoka."

"Mama, mimi nilikuwa naitetea nyumba."

"Na baba yako alikuwa akisema hivyohivyo."

Kitunguu akaufunga mkono wa Kaka kwa kitambaa safi chenye unyevu, bila kukaza, kisha akageuka kwa mara ya kwanza akamtazama Fundi usoni. Jicho moja lilikuwa limeanza kuvimba. Alitamani kuligusa. Tamaa hiyo ilimkasirisha zaidi.

"Umemuunguza wewe," alisema, "mpeleke zahanati wewe."

"Mimi?" Fundi aliuliza.

"Yeye?" Kaka alisema wakati huohuo. "Afadhali mkono uoze!"

"Utaoza basi, na bucha utafunga. Pikipiki iko nje. Fundi, toa sanduku lako la vifaa nyuma, akae." Akawaonyesha mlango. "Mkirudi wote wawili, mtakula. Ukiwa peke yako, Fundi, usirudi. Na wewe Kaka, ukirudi peke yako, mpishi wako utamtafuta kwingine. Mimi nitahama na Mama."

"Mama, unamsikia anavyoongea?"

"Namsikia," Mama alisema. "Vaa viatu."

Walitoka. Kitunguu aliwatazama kupitia dirisha: Kaka amepanda nyuma, amekaa mbali iwezekanavyo, na pikipiki iliporuka kwenye shimo la kwanza la barabara ikambidi amshike Fundi kiunoni kwa mkono uliobaki.

Alifagia. Vipande vya sahani vilikuwa vimeingia mpaka chini ya mtungi wa gesi. Mama aliokota mchele punje kwa punje, kisha akaacha, akautupa wote.

"Kuna vipande vya kioo," alisema. "Pika mwingine."

Sufuria ilikuwa na nusu ya nyama iliyosalimika, na chini yake imeshika. Kitunguu hakuikwangua, ukikwangua, harufu ya kuungua inaenea kote. Aliihamishia nyama ya juu kwenye sufuria nyingine, akaacha kile cheusi palepale, akaongeza nyanya, maji ya moto na moto mdogo. Machozi yalimfanya atie chumvi mara mbili. Akatupia kiazi kibichi kilichokatwa vipande vinene, kinywe chumvi na mchuzi uongezeke. Alifanya yote bila kufikiri, na kisu mkononi, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kukata kitu katika nyumba iliyotoka kupigana.

"Unampenda?" Mama aliuliza nyuma yake.

"Ndiyo."

"Hata sasa?"

"Hata sasa. Ndiyo maana naogopa. Wewe ulimpenda Baba?"

Mama alikung'uta taulo dirishani. "Sana," alisema. "Upendo haukuwa tatizo letu."

Alasiri, nyama ikiwa imeshaanza kuachana na mfupa, wakasikia pikipiki. Kitunguu alijizuia kwenda dirishani. Alisikia viatu vya mtu mmoja, moyo ukamwanguka; halafu vya mwingine.

Kaka aliingia mbele, mkono umefungwa bandeji nyeupe mpaka kwenye kifundo, uso umekunjamana. Fundi alikuja nyuma na vidonge vya Kaka ndani ya bahasha. Bado alikuwa amevaa aproni ya maua. Alikuwa ameendesha nayo mjini kote.

"Huyu mtu wako hana akili," Kaka alisema akijitupa kitini. "Mama, huyu si mzima."

"Kafanya nini tena?" Mama aliuliza.

"Nesi kauliza nimeunguaje. Mimi nikamwambia nimeteleza, nikashika jiko. Si yameisha? Si ndivyo watu wanavyosema? Yeye anachomekea: 'Hapana, nesi. Nimemuunguza mimi. Nilimshika mkono nikaubandika.' Foleni nzima ikageuka! Kavaa na hiyo aproni yake! Nesi akasema anaita polisi."

Kitunguu alimtazama Fundi. Fundi alikuwa anatazama sakafu.

"Akaita?"

Kaka alijikuna shingo kwa mkono wa kushoto. "Ikabidi niseme nami. Kwamba nilianza mimi. Kwamba nilimpiga... nilimpiga na mdogo wangu." Maneno ya mwisho aliyaambia meza. "Ningefanyaje? Alishaharibu."

"Nesi akasemaje?"

"Alitutukana," Fundi alisema. "Wote wawili. Mpaka bibi mmoja kwenye foleni akampigia makofi."

Mama alikuwa na upawa mkononi. Aliuweka chini.

"Na mimi nilikuwa nateleza," alisema. "Zahanati hiyohiyo. Kila mara nilisema nimeteleza kwenye ngazi." Akawatazama wote. "Nyumba hii haina ngazi."

Kaka aliinua kichwa. "Mama..."

"Kula, chakula kinapoa," Mama alisema, akimsogezea sahani.

Mkono wa kulia wa Kaka haukuweza kushika kitu. Alihangaika na kijiko kwa mkono wa kushoto, mchuzi ukamwagikia shatini, akatukana. Fundi akavuta sahani yake bila kuomba ruhusa, akaichambua nyama kwa uma mbili mpaka ikawa nyuzi nyuzi, akairudisha. Kaka aliitazama kwa muda mrefu. Halafu akala.

"Chumvi imezidi," alisema.

"Nyama je?" Mama aliuliza.

"Imelainika," Kaka alikiri, kama mtu anayeng'olewa jino. Akameza. "Lakini kumkubali, sijamkubali."

"Sijakuuliza," Kitunguu alisema. "Kwanza kuna neno nalidai."

Kaka alizungusha kijiko. Aliutazama mdomo wa dada yake, pale ulipovimba. "Nisamehe."

"Sijasikia."

"Nisamehe, mdogo wangu." Safari hii sauti yake haikupanda popote. Ilikatika njiani.

Kitunguu aliitikia kwa kichwa. Hakusema amesamehe, kwa sababu bado, na hakuona haja ya kumdanganya.

Fundi alikuwa hajagusa chakula chake. "Na mimi?" aliuliza polepole.

"Wewe sijui."

"Sawa."

"Si sawa. Usiseme sawa." Alimkazia macho mbele ya mama yake na kaka yake, bila haya. "Nakupenda, na leo nimekuogopa, na siwezi kuishi na vyote viwili. Kwa hiyo utakuja hapa kila Jumapili. Utapika. Kaka atakutukana, maana hawezi kujizuia. Na mimi nitakuwa nimekaa hapo, naitazama mikono yako."

"Mpaka lini?"

"Mpaka siku nitakapojikuta nimesahau kuitazama."

Kaka alikohoa. Mama alimkanyaga mguu chini ya meza.

Fundi akaiweka mikono yake yote miwili juu ya meza, wazi, kando ya sahani, ikiwa na mikwaruzo na damu kavu kwenye kucha.

"Jumapili nije saa ngapi?"

"Njoo Jumamosi," Kitunguu alisema, akamsogezea mchuzi. "Tutapika maharage, na maharage hulowekwa siku moja kabla."